Programu ya Mzee inatoa hesabu mbili tofauti, na bosi hataki nimpigie simu

Shikamoo Anti,

Mi ni binti wa miaka 31, naishi hapa Tabora mjini upande wa Isevya, safu yako naisoma kila wiki ila sikuwahi kufikiria kuna siku ntakuandikia. Jina langu naomba lisitoke, na ofisi sitaitaja, nasema tu tunashughulika na malipo ya wakulima wa tumbaku. Mkulima analeta marobota yake kwenye chama cha msingi, mteuzi anapanga daraja, robota linapanda mizani, uzito unatumwa kwetu kwa mtandao, halafu programu inazidisha kilo na bei ya daraja kwa dola, inakata mkopo wa pembejeo, kinachobaki ndo cha mkulima. Hiyo programu naitunza mimi, peke yangu.

Iliandikwa kwa C, lugha ya kuandikia programu, mwaka 1999 na mzee mmoja ambaye mi namwita Baba ingawa hatuna undugu. Nilimaliza kidato cha sita sina mbele wala nyuma, nikawa nachapa barua za watu kwenye steshenari moja karibu na stendi, yeye alikuja kuchapisha kitu akaniona namsahihishia mteja hesabu ya karatasi, akaniuliza unapenda hesabu, nikasema napenda. Kuanzia hapo kila Jumamosi alinifundisha C kwenye kauntabuku, kwa kalamu, kompyuta tunawasha mwisho kabisa. Hiyo kauntabuku ninayo mpaka leo. Yeye ndo aliniingiza ofisini, na alipostaafu akarudi kwao Urambo kufuga nyuki akaniachia programu yote.

Sasa Anti, seva yetu ni kompyuta ya Intel ya zamani, ile ya biti 32, iko stoo inaunguruma kama mashine ya kusaga. Uongozi ukaamua tukodi seva mpya kwenye wingu, za prosesa ya ARM, aina nyingine tofauti na Intel, maana bei yake kwa mwezi ni ndogo kuliko zile nyingine. Nikapewa kazi ya kuhamisha, masoko yakifunguliwa tuwe tumeshahama. Zimebaki wiki tano.

Siku ya kwanza nilifurahi mpaka nikampigia mama, manake nilikompaili kwa GCC, yaani kuigeuza C iwe maagizo ya mashine, ikapita, maonyo mengi lakini ikapita. Nikaweka data ya msimu uliopita. Hapo ndo matatizo yakaanza.

Kwanza rekodi za wakulima zilisomeka hovyo, namba ya mkulima wa kwanza sawa ila kilo zake takataka, kuanzia wa pili hata namba siyo yake. Nikahangaika siku mbili nikakuta Mzee anaandika strakcha nzima, yaani rekodi yote kwa pamoja, kwenye faili, int moja (namba nzima) na double moja (namba ya desimali), kule zilikuwa baiti 12 huku zimekuwa 16 kwa sababu ARM inaipangia double nafasi yake kwa nane nane. Nikarekebisha nasoma kipande kwa kipande. Halafu kuna faili ilikuwa haimaliziki kusomwa, programu inazunguka usiku kucha. Nikakuta anasoma herufi kwa getc anaiweka kwenye char, nafasi ya herufi moja, halafu analinganisha na EOF, alama ya mwisho wa faili ambayo ni -1, kumbe kwenye ARM char haina hasi, kwa hiyo ile -1 inageuka 255 na mwisho wa faili haufiki milele. Nikarekebisha hiyo nayo.

Ya tatu iliniuma. Programu inagawa deni la mkulima kwa idadi ya marobota yake ipate makato ya kila robota. Mkulima ambaye hakuleta hata robota moja inakuwa kugawa kwa sifuri, na kwenye seva ya zamani programu inakufa hapohapo. Mzee alijua. Aliandika skripti ya kuiwasha upya, na namba ya mkulima huyo inaingia kwenye faili linaitwa kufa.txt, kila asubuhi anafungua kufa.txt anawashughulikia kwa mkono mmoja mmoja, na mi nilirithi huo utaratibu. Kwenye ARM programu haifi. Inapata sifuri inaendelea kimyakimya, na slipu ya mkulima inatoka imeandikwa deni 0. Kufa.txt tupu. Kwa data ya msimu uliopita nilihesabu wakulima 112 waliofutiwa deni na mashine.

Halafu kuna watu 37 ambao jumla yao inapishana senti moja kati ya seva ya zamani na mpya. Senti moja ya dola, najua ni ndogo, ila ni hela ya mtu.

Hayo yote naweza kuyaeleza. Ambalo siwezi ni hili. Nilikuwa narudiarudia data ya siku moja ya soko, na mara mbili, mara mbili tu katika marudio kama 300, robota la kilo 61 limeandikwa kilo 48, na 48 ni ya robota lililotangulia, la mtu mwingine. Nikiitafuta haionekani. Nimejaribu kwenye laptopu yangu, ni Intel, nikaendesha programu ya ARM ndani ya QEMU, programu inayoigiza mashine ya aina nyingine, nimerudia mara 1000 na zaidi haijatokea hata mara moja. Nimepitia sehemu hiyo mstari kwa mstari. Kuna thredi mbili, yaani kazi mbili zinazokwenda sambamba ndani ya programu, moja inapokea uzito kutoka kwenye mizani na kuweka alama ya tayari, nyingine inaona alama inasoma uzito inapiga hesabu. Alama imewekwa volatile vizuri tu. Nilishaisafisha hapo mwanzoni, kulikuwa na usleep, amri ya kusubiri, ya 20000 kabla ya kusoma uzito, pembeni kuna komenti /* mizani inawahi */, nikaitoa maana ilikuwa inachelewesha kazi bure. Sijaona kosa lolote.

Nikampigia Mzee. Kabla sijamaliza kueleza akasema programu yangu imelipa watu miaka yote hiyo bila kesi, mlichobadilisha ni mashine, na wewe hukuniuliza. Akakata. Kila mwaka ananiletea dumu la asali, mwaka huu halijaja.

Bosi aliposikia nimempigia alikasirika, akasema yule mkataba wake uliisha, usimshirikishe tena mambo ya ofisi. Yeye anaona programu ni takataka ya kizamani, anataka kampuni moja ya Dar iandike upya yote kwa Java. Nikimwambia haiko tayari atasema unaona, nilisema ni takataka, na jina la Mzee litachafuka ofisi nzima, na mimi kazi yangu hapo inaisha. Nikisema iko tayari, kuna mkulima atasomewa kilo 48 badala ya 61 na hatajua. Hilo la kilo sijamwambia mtu yeyote, maana nikiulizwa nionyeshe siwezi kulionyesha. Silali Anti. Kwa kweli mashine ya zamani ndo ilikuwa sahihi na mimi ndo nimeharibu. Nifanye nini?

Binti wa Isevya

*

Marahaba mwanangu,

Pole sana, na asante kwa kuniandikia kitu kirefu hivi maana barua nyingi za kazini zinakuja za mistari minne, nashindwa hata pa kushika. Mi mwenyewe kabla ya safu hii nimeishi na C miaka mingi, kwa hiyo uliposema kufa.txt nilisimamisha kusoma kwanza nikakaa kidogo. Nimemwona huyo mzee kabisa asubuhi anafungua hilo faili.

Ngoja niseme nilivyokuelewa, nikikosea utanisahihisha. Una kazi ya wiki tano, makosa manne ambayo matatu umeyapata na kuyajua vizuri, na la tano hilo la kilo ambalo umeliona mara mbili na huwezi kulishika mkononi. Juu ya hapo kuna watu wawili hawaongei, Mzee na bosi, na wewe umesimama katikati umebeba siri. Nadhani kinachokunyima usingizi siyo ARM peke yake, ni hiyo siri.

Tuanze nayo hiyo ya kilo, maana nadhani unajilaumu kwa kitu ambacho kina maelezo.

Kwenye prosesa za Intel na ndugu zake, thredi moja ikiandika uzito halafu ikaandika alama ya tayari, wengine wote wataviona kwa mpangilio huohuo, uzito kwanza alama baadaye. Hiyo ni ahadi ya mashine yenyewe. ARM haitoi ahadi hiyo, inaruhusiwa kuonyesha alama kabla uzito haujaonekana, na hata thredi inayosoma inaruhusiwa kuwahi kuuchukua uzito kabla ya kuiangalia alama, kwa sababu inavyopanga kazi zake ndani kwa ndani inapata kasi na kuokoa umeme, ila mpangilio unabaki jukumu la mwandishi wa programu. Mfikirie karani wa soko aliyegonga kengele robota tayari, huku kalamu haijamaliza kuandika kilo kitabuni. Anayekuja kusoma anakuta kilo za robota la nyuma. Si ndo 48 yako hiyo?

Na volatile haisaidii hapo, watu wengi sana waliamini inasaidia, na mimi nilikuwa mmoja wao. Volatile inamwambia kompaila asome memori kila mara asikariri, lakini prosesa haiambii chochote kuhusu mpangilio. C yenyewe haikuwa na kanuni rasmi za thredi mpaka toleo la 2011, ndo zikaja zile atomiki za stdatomic.h, njia ya kuandika na kusoma kwa mpangilio kati ya thredi. Kwa hiyo mtu aliyeandika thredi kabla ya hapo alikuwa anaandika kwa kuitegemea mashine aliyonayo mezani na maktaba ya thredi, maana lugha haikuwa na neno la kumwambia.

Halafu QEMU. Mwanangu ule mtihani wa mara 1000 kwenye laptopu haukupi uhakika unaoudhani. QEMU inatafsiri maagizo ya ARM ila mwisho wa siku kazi inafanywa na Intel yako, na Intel inapanga memori kwa nidhamu yake ileile, kwa hiyo kosa la namna hii huwa linajificha humo. Usilichukue kama ushahidi kwamba wewe ndo ulikosea kuona. Uliona vizuri.

Sasa naomba nikuulize kitu kimoja, na nakuuliza kwa upole sana maana sitaki uongeze kosa lingine kwenye mzigo wako. Hizo mara mbili ulizoona kilo 48, zilitokea kabla hujaitoa ile usleep au baada? Umeitaja kwa kupita tu, kama vile umefagia majani uani. Lakini mistari miwili hiyo, usleep ya 20000, yaani sekunde ishirini kwa elfu, na komenti ya mizani inawahi, mi naisoma tofauti. Mtu haandiki hivyo kwa kubuni. Kuna siku alikaa hapo akaona kitu, akaona uzito wa mtu umemwendea mwingine labda, akatafuta akakosa sababu, akaona akisubiri kidogo haitokei tena, akaacha alama. Au inaweza kuwa mizani yenyewe kweli ilikuwa inatuma namba kabla haijatulia. Mi sijui na wewe hujui. Anajua yeye.

Kwa hiyo aliposema na wewe hukuniuliza, jaribu kuisikiliza tena hiyo sentensi. Wewe uliisikia kama hasira. Inawezekana ni hasira kweli, wazee wana hasira zao. Ila inawezekana pia alikuwa anasema ukweli mtupu, kwamba kuna vitu hamkuniuliza.

Ukitaka kujaribu, irudishe hiyo usleep, endesha marudio yako 300 kwenye seva ya ARM yenyewe, halafu itoe uendeshe tena. Ikirudi kutulia usishangilie sana, kusubiri kunapunguza tu nafasi ya kosa kutokea, hakulitibu. Dawa yenyewe ni ndogo kuliko unavyodhani, ama mutex moja, yaani kufuli la kuruhusu thredi moja kwa wakati, inayozunguka kuandika na kusoma uzito, ambayo hata Mzee angeielewa maana thredi za POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, zilishakuwepo tangu 1995, ama hizo atomiki. Mutex ni nyepesi kueleza mbele ya watu, nasema hivyo kwa sababu utatakiwa kueleza.

Na hapo nafika kwenye lile ulilosema siwezi kulionyesha. Unaweza. Kompaili programu kwa -fsanitize=thread halafu iendeshe na data ya siku moja ya soko, hata kwenye laptopu yako ya Intel ilimradi ni ya biti 64. Chombo hicho hakisubiri kilo 48 itokee, kinafuatilia nani kaandika na nani kasoma bila makubaliano kati yao, kikikuta kinakuandikia faili na namba ya mstari. Itakuwa nzito na polepole, ivumilie. Na -fsanitize=undefined itakuonyesha ile kugawa kwa sifuri ambayo ARM inaimeza kimya, sisi tuliozoea Intel kutupigia kelele hapo tunapotea. Ukiwa na karatasi hizo mbili hubaki tena binti anayesema niliona mara mbili.

Umesema mashine ya zamani ndo ilikuwa sahihi. Hili nalo nataka tulitazame pamoja. Kwenye wale watu 37 wa senti moja, umejuaje kwamba ya zamani ndo ya haki? Ile Intel ya biti 32 inapiga hesabu za desimali katikati kwa biti 80 halafu inazipunguza kuwa 64 ikihifadhi. ARM inakaa kwenye 64, ila inaweza kuzidisha na kujumlisha kwa mkupuo mmoja na kukadiria mara moja tu, na GCC inautumia huo mkupuo bila kuombwa. Ukiweka -ffp-contract=off utauondoa mkupuo, lakini zile biti 80 hutazirudisha. Kwa hiyo unalinganisha makadirio mawili, na hakuna aliyesema makadirio yapi ndo hela ya mkulima. Chukua mtu mmoja kati ya hao 37, mmoja tu, kaa na kalamu kwenye ile kauntabuku upige kilo zake zote kwa mkono kwa kanuni ya kukadiria iliyoandikwa kwenye makubaliano ya malipo, uone nani kamkaribia. Inawezekana ni mpya. Inawezekana kuna mtu amepunjwa senti tangu zamani na hakuna aliyejua. Wengi wanaoandika programu za hela siku hizi wanahesabu senti kwa namba nzima kuepuka hili, ila ukibadilisha hivyo slipu mpya hazitalingana na za nyuma na lazima kuwe na mtu wa uhasibu aliyekubali kwa maandishi, siyo wewe usiku peke yako.

Tuje kwenye njia ulizonazo. Sitakuchagulia, nitakwambia tu ninavyoziona.

Kuna ya kuomba seva ya Intel ya biti 64 badala ya ARM, hata kwa msimu huu tu. Humo programu ya biti 32 inaweza kukimbia vilevile ilivyo bila kuikompaili upya, na usleep yake, na kufa.txt yake. Gharama ya mwezi itapanda kidogo na bosi atauliza kwa nini. Hatari yake mimi nnayoiona ni usingizi, mkishatulia hakuna atakayegusa tena, na saa ya programu za biti 32 za zamani inagota tarehe 19 Januari 2038, na kufika hapo labda wewe hupo na hakuna aliyeisoma hiyo programu. Ila msimu mmoja wa kupumua siyo kitu kidogo kwa mtu aliyebaki na wiki tano.

Kuna ya kuendelea na ARM mkiendesha seva zote mbili sambamba wiki za kwanza za soko, jioni mnalinganisha slipu kabla ya mtu yeyote kulipwa. Hiyo inakula muda wako, na ile mashine ya stoo inabidi ikubali kuishi. Na utahitaji mtu wa pili wa kulinganisha, maana macho ya mtu mmoja saa tatu usiku yanaruka mistari. Umezungukwa na watu ofisini lakini barua nzima sikuona jina la mtu hata mmoja anayekusaidia, hata karani. Hilo limenisumbua kuliko senti.

Na kuna hiyo ya Java anayoitaka bosi. Usiikatae kwa sababu tu imetoka kwake, kuna siku inaweza kuwa sawa kabisa. Ila jiulize kampuni ya Dar itaandika nini kuhusu mkulima asiye na robota. Itaandika kilicho kwenye karatasi, na kufa.txt haiko kwenye karatasi yoyote, iko kichwani mwako na kichwani mwa mzee mmoja Urambo. Miaka zaidi ya ishirini ya utaratibu wa malipo imelala kwenye tabia za programu, mpaka namna inavyokufa. Kabla ya kuandika upya kwa lugha yoyote kuna mtu lazima akae aandike hayo kwa Kiswahili cha kawaida, na sioni mwingine zaidi yako. Labda hapo ndo kazi yako inapoanza na wala haiishi, lakini hilo litategemea utakavyoongea na bosi.

Kuhusu kumchongea Mzee. Hapa nahisi umeunganisha vitu viwili ambavyo vinaweza kutenganishwa. Kusema programu ina sehemu zinazotegemea mashine ya zamani ni jambo moja, kusema aliyeandika hakujua kazi ni jambo lingine. Unaweza kuandika ukurasa mmoja, usiwe na jina la mtu, ueleze: char kwenye Linux ya Intel ina hasi na kwenye ya ARM haina, kugawa kwa sifuri kule kunaua huku hakuui, mpangilio wa memori kule ni mkali huku ni legevu, mambo haya matatu programu iliyategemea, huku ndiko yalikoathiri malipo, hii hapa slipu ya mfano. Bosi anayesoma slipu yenye deni 0 ya mtu anayedaiwa hahitaji kujua C. Atashtuka mwenyewe. Inawezekana pia akatumia hiyohiyo karatasi kusema ni takataka, siwezi kukuahidi hatafanya hivyo. Lakini ikitokea kilo za mtu zimepotea katikati ya soko, na ikajulikana baadaye kwamba uliona mapema, hapo jina litakalochafuka halitakuwa la Mzee.

Na lile katazo. Kabla ya kulivunja au kulitii kwa kinyongo, ungeuliza linatokana na nini. Kama anaogopa data za wakulima kutoka nje ana haki, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na yeye ndo atakayeulizwa. Lakini kumuuliza mtu aliyeandika komenti alimaanisha nini hakuhitaji jina la mkulima hata mmoja. Kama anaogopa Mzee atadai malipo, hiyo nayo inaongeleka, pengine siku mbili za ushauri ni rahisi kuliko wiki zako za kuhangaika. Kama ni ugomvi wao wa zamani ambao wewe haukuhusu, hapo sasa utajua umesimama wapi. Mwambie wazi unataka kumuuliza mambo mawili, usleep na kufa.txt, mbele yake kama anapenda, simu ikiwa mezani. Akikataa kabisa umebaki na uamuzi mgumu na ni wako, mi nikiwa mbali siwezi kupima uzito wa mkate wako wa kila siku.

Kwa upande wa Mzee, mi simu nisingeianza na makosa. Mara ya kwanza ulimpigia una orodha, na mtu aliyestaafu akisikia orodha anasikia hukumu. Ungemsalimia, ukauliza nyuki wanaendeleaje, halafu ukamwambia Baba, kuna mstari mmoja nimeutoa bila kukuuliza, ule wa mizani inawahi, nisamehe, nieleze siku ile uliona nini. Halafu unyamaze. Akiongea nusu saa muache aongee, andika kila kitu.

Na asali ya mwaka huu, ukiweza usiingoje. Urambo siyo mbali, basi la asubuhi linakufikisha mapema. Nenda Jumamosi, maana ndo siku yenu, beba kauntabuku, na laptopu iache nyumbani. Ukirudi niandikie alichokwambia kuhusu zile sekunde ishirini kwa elfu, nasubiri kwa hamu kweli.

Anti